Matusi ya Msiba wa Bibi Muanacha

Mtu hajui sura yake ikoje anapotukana mpaka siku aione ukutani, kubwa kama mlango wa ghala, na watu wamekaa kwenye viti wanaitazama.

Sikuzani binti Masoudi aliiona yake Ruangwa mjini, kwenye ukumbi mpya wa shirika, siku ya ufunguzi. Alikuwa amekalishwa mbele kabisa, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe nyuma kama bibi harusi. Mshereheshaji alimtaja kwenye kipaza sauti: "Mama yetu mwanzilishi, kutoka Mbekenyera!" Watu wakapiga makofi. Naye akanyanyuka nusu, akaivuta khanga yenye nembo ya shirika mabegani, akakaa. Kisha wakashusha mapazia na picha ikaanza.

Ulianza muziki wa kinanda, ule wa kuwaliza watu kabla hawajajua wanalilia nini. Ikaja njia ya vumbi. Ukaja uwanja wa nyumba ya udongo, wanawake wamejaa, na katikati yao mwanamke mzee amevaa gauni la mtu mwingine, limembana kwapani, anachechemea na fimbo na kupiga kelele.

"Mkimbizi huyu! Kwao kakimbia, leo kakimbia na huku! Mbio gani hizi zisizochoka? Mshikeni miguu, atatukimbia mpaka peponi!"

Nyuma mtu akaguna kwa uchungu. Sikuzani aliitambua fimbo kabla ya kuutambua uso. Yule mzee alikuwa yeye.

Chini ya picha yalipita maneno ya Kizungu. Yeye aliacha shule darasa la nne, tena darasa lenyewe lilikuwa la msimu, wakati wa korosho mwalimu na wanafunzi wote walikuwa mikoroshoni. Akamgusa Prisca, muuguzi wa shirika, aliyekaa jirani yake.

"Yanasemaje hayo?"

Prisca aliuma mdomo. "Mama, tutaongea baadaye."

"Sema sasa."

"Yanasema wenyeji wanawadhalilisha wakimbizi hata siku ya kuzika."

Upande wa pili mama mmoja wa Kizungu, mkubwa wa wafadhili, alikuwa anafuta machozi kwa kidole. Alikuwa amemshika Sikuzani mkono tangu asubuhi, akimwita mama. Hakujua kwamba mkono alioushika ndio ule unaotikisa fimbo ukutani. Hakuutambua uso. Bila gauni lile na bila kelele zile, Sikuzani alikuwa mzee mmoja tu kati ya wazee.

Sasa mtu ambaye hakukulia huku atauliza: kwani hakutukana? Alitukana. Alitukana kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, na angepewa nyingine angeiongeza juu yake.

Huku Mmwera na Mmakua ni watani. Nani aliyeuanzisha utani huo wazee wanabishana, wengine wanasema ni vita, wengine wanasema njaa. Kazi yake lakini haina ubishi. Mmakua akifiwa, Mmwera anakuja kumharibia kilio. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anaficha mwiko wa wapishi, anajilaza mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, hata kipande cha sabuni. Anasema yale ambayo mwingine akiyasema panga linachomolewa. Na mfiwa aliyekuwa amekaa kama gunia la mhogo, hali wala hasemi, anajikuta anacheka huku kamasi zinamtoka. Ndiyo dawa. Maiti asiye na mtani atazikwa, hakuna maiti anayeachwa juu ya ardhi, lakini atazikwa kama mzigo uliookotwa njiani.

Bibi Muanacha alikuwa Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma. Alikuja na binti yake Munira na wajukuu wawili, wakati ule vijiji vya kwao vilipokuwa vinachomwa. Alipofariki hapa Mbekenyera, Munira alikaa peke yake kwenye mkeka. Hakuwa na shangazi wa kumshika kiuno, hakuwa na mjomba wa kusimamia kaburi. Sikuzani alimtazama kutoka mlangoni akawaza: tukimlilia huyu kwa adabu, atajua kwamba bado ni mgeni. Akaingia ndani, akalitoa gauni la marehemu sandukuni, akajilazimisha kuingia humo mpaka mshono ukapasuka. Alipotoka nje anachechemea, Munira aliinua kichwa. Akatazama. Kisha akacheka kicheko kile kibaya, kinachofanana na kutapika, na hapo hapo akapata kulia.

Hicho kicheko hakikuwa kwenye picha. Kilikatwa.

Lililomchoma Sikuzani zaidi ni kwamba shirika hili lilizaliwa kwenye uwanja wake. Zamani hizo wala halikuwa shirika. Lilikuwa wanawake wachache wa Mbekenyera waliokuwa wanapokea watu wanaoshuka kwenye magari ya Masasi na Nachingwea, miguu imevimba, watoto wamekaa kimya kupita kiasi. Wakawa wanawapa uji na pa kulala, na siku ya tatu, kama msemo unavyotaka, wanawapa jembe na kipande cha shamba lililolala. Kikundi chao wakakiita Jembe la Mgeni. Swali la kwanza kwa kila aliyefika lilikuwa kabila gani wewe. Akisema Mmakua, wanawake walikuwa wanapiga vigelegele: "Haya, mla panya mwingine kaja, fungeni mabanda ya kuku!" Mtu aliyetembea porini kwa hofu anasimama anashangaa. Kisha naye anakumbuka kwamba ana mdomo: "Panya wenu hawana mafuta, ndiyo maana mmekonda." Basi. Hapo amefika.

Twalha, mtoto wa marehemu mdogo wake Sikuzani, ndiye aliyekikuza kikundi. Huku mtoto wa ndugu yako wa kike ni wako, hakuna cha kusema wa kuazima, na Sikuzani ndiye aliyemlea. Alirudi kutoka chuo Dar es Salaam na kompyuta mpakato na maneno mapya. Kikundi kikasajiliwa. Kikapata chumba Ruangwa, kisha nyumba, kisha gari, kisha kibao cha barabarani kikubwa kuliko kibao cha shule. Jina nalo likakatwa likawa JEMGE, neno lisilo na maana katika lugha yoyote ambayo Sikuzani aliwahi kuisikia, na yeye ametembea, amefika hadi Tunduru. Watu waliopokelewa wakaanza kuitwa walengwa. Na jinsi shirika lilivyonenepa, ndivyo lilivyozidi kuwataka walengwa wabaki wamekonda. Aliyekwisha kuvuna ufuta wake haitwi tena kwenye mikutano. Hana picha nzuri.

Pale ukumbini mapazia yalipofunguliwa, Twalha alipanda jukwaani akatangaza. Shirika linajenga kituo nje ya Nachingwea, chenye zahanati, maji na uzio. Familia zilizo hatarini zitahamishwa kwa usalama wao. Wa kwanza ni familia ya Munira wa Mbekenyera, Alhamisi hii.

Makofi.

Sikuzani alimfuata nyuma ya ukumbi. Alimkuta karibu na masufuria ya pilau anaongea na simu, shati jeupe, miwani ya jua ameipandisha kichwani.

"Zima simu."

"Mamkubwa, sekunde moja tu."

"Zima, Twalha, kabla sijaitia kwenye pilau."

Akazima. Wapishi wakainama wakajifanya wanachochea kuni.

"Nani yule niliyemwona ukutani?"

"Ile ni picha tu, Mamkubwa. Jina lako halijatajwa popote."

"Nimeuliza nani."

"Ni wewe."

"Nafanya nini?"

Twalha akajikuna shingo. "Unatania."

"Aaa! Kumbe unajua. Nilidhani chuo kimekufuta kichwa. Siku tuliyomzika mama yako, nani alivaa kilemba chake, akapanda juu ya kinu, akasema marehemu alikuwa mchoyo hata wa salamu?"

"Bibi Muanacha."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mamkubwa, watu wanasikia."

"Wasikie! Ulicheka. Wewe uliyekuwa hata maji hayapiti kooni, ulicheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukaomba ugali. Huyo aliyekulisha kafa. Mimi nikaenda kumtendea alivyotutendea, wewe ukanichukua picha ukanifanya jambazi."

"Sikukufanya jambazi. Nisikilize na wewe." Sauti ikamtoka ile ya utotoni, ya kujitetea. "Unajua mwaka jana tulivyopita? Wafadhili walikuja wakauliza, wakimbizi wenu wana shida gani? Nikasema ukweli. Wanalima, wanauza ufuta, watoto wanasoma. Wakasema hongereni sana, basi kazi mmemaliza. Wakafunga mabegi! Hongera hainunui dawa ya malaria, Mamkubwa. Na watu bado wanakuja. Mtua kule kuna wengine wameingia juzi, wanalala kwenye ghala la watu. Hao niwape nini? Niwape utani?"

Ghala la Mtua lilikuwa kweli. Sikuzani alikuwa ameliona.

Twalha akaona amepata upenyo. "Mfadhili haji penye amani. Anakuja panapoungua. Mimi nimewasha kiberiti kidogo tu, ili waone moshi."

"Kwenye paa la nani?"

Twalha akaivua miwani kichwani.

"Hicho kituo kina uzio."

"Uzio ni wa usalama wao."

"Usalama na nani?"

Twalha akatazama pilau.

"Na mimi," akasema Sikuzani. "Umejenga uzio kumkinga Munira na mimi. Panda pale juu sasa hivi umwambie yule mama ukweli."

"Siwezi. Barua zimeshafika mpaka juu. Lori limeshakodiwa."

Sikuzani akaivua ile khanga yenye nembo mabegani, akaitupa juu ya mfuniko wa sufuria, akaondoka bila kula. Mpishi mmoja akaiokota haraka kabla haijaungua, akaikunja akaiweka chini ya meza yake.

Alimkuta Munira shambani, anafyeka chini ya mikorosho yake. Ilikuwa michanga bado, imetoa maua kwa mara ya kwanza, na harufu yake ile ya kukereketa pua ilikuwa imejaa hewani. Munira alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya kulima na mdomo usiolala. Sikuzani akamweleza yote amesimama, hata kukaa hakutaka.

Munira akaegemea mpini wa fyekeo. "Nilikwambia siku ile lile gauni linakubana. Ungevaa khanga, ungetoka mzuri kwenye picha."

"Usinitanie leo."

"Nikuheshimu? Ajuza aliyepasua gauni la marehemu?" Alisema hivyo lakini vidole vyake vilikuwa vimeukaba mpini. "Nikikataa kwenda?"

"Barua yako ya kukaa kijijini imetoka kwa shirika. Wakiiondoa, unakuwa mtu aliyeingia kwa kificho. Watakupeleka makambi ya mbali huko, au watakurudisha ng'ambo."

"Kwa hiyo njia zote zinatoka hapa. Hakuna inayobaki."

"Mimi siioni."

Munira akafyeka tena, mikato mitatu, minne, majani yakaruka. Kisha akasimama. "Kule kwetu walikuja watu wakasema tokeni, ni kwa usalama wenu. Tukatoka. Tulipogeuka nyuma, nyumba zinawaka. Toka siku hiyo nikisikia mtu anataja usalama wangu, nawatafuta watoto wangu wako wapi." Akapangusa uso kwa mkono. "Mama yangu yuko kwenye ardhi hii. Hii mikorosho nimeitia mimi, mbegu kwa mbegu. Mwambie mwanao mimi siyo kuku wa kubebwa kwenye tenga."

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema lori limekodiwa."

Munira akatema mate pembeni. "Basi na lije."

Alhamisi likaja. Lori lenye magodoro mapya, bado yamo kwenye nailoni, na mbele yake gari la shirika. Akashuka Twalha, akashuka yule mama wa Kizungu, akashuka Prisca na dawa zake, akashuka na kijana wa kamera, mwenye ndevu, aliyekuwa akiongea na simu yake njia nzima. Kijiji kilikuwa kimeshajaa uwanjani kwa Munira. Mwenyekiti wa kijiji, Abdulatifu, alikuwa amevaa koti lake la mikutano ingawa jua lilikuwa kali, akawa anazunguka anasema jambo hili limetoka juu, jambo hili limetoka juu, kama mtu anayeomba radhi kwa mvua.

"Munira," Twalha akaita kwa upole. "Toa vitu, dada. Vijana watakusaidia kupakia."

Munira akatoka. Hakuwa na mzigo. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama anavyofunga Sikuzani, upande umeshuka juu ya sikio, na amejaza matambara kifuani. Akapita mbele ya wageni kama hawapo, akamwendea Sikuzani, akamnyang'anya fimbo.

"Kiko wapi kikongwe kinachonitesa?" akapiga kelele. "Nitazameni! Mimi ni Sikuzani, nina shamba la urithi na meno ya urithi! Naamka asubuhi natafuta Mmakua wa kumnyanyasa, nikikosa namnyanyasa mbuzi!" Akachechemea uwanja mzima, tako limetoka nje, mkono kiunoni. "Mume wangu alikufa mapema ili apumzike na mdomo wangu!"

Wanawake walianguka kwa kucheka. Mmoja alishika mti. Abdulatifu aligeuka nyuma, mabega ya koti yakawa yanatikisika. Sikuzani mwenyewe, na hasira zote zile tumboni, alipayuka: "Rudisha fimbo, mwizi! Ndiyo maana Mungu kawanyima urefu nyie!"

"Urefu tumewaachia nyie, mchunge twiga!"

Yule mama wa Kizungu alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Twalha akainama sikioni kwake akasema maneno mengi ya haraka. Prisca, aliyesimama nyuma ya Sikuzani, akanong'ona: "Anamwambia Munira kachanganyikiwa kwa mateso."

Kamera ilikuwa inawaka. Kijana wa kamera akasema kitu peke yake, taratibu, kwa lugha yake, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa.

Munira akasimama. Akaishusha fimbo. Akamgeukia kijana yule na kumjibu.

Kwanza Sikuzani hakuelewa kinachotokea. Aliona tu kijana ameitoa kamera jichoni, mdomo wazi. Munira anasema, kijana anauliza, Munira anasema tena. Kilikuwa Kireno. Munira alisomeshwa Kireno shuleni kwao, ng'ambo, na hapa hakuna aliyewahi kumuuliza neno kwa lugha hiyo. Kila alichokuwa anakisema kilipita kwa Twalha kwanza, kama maji kwenye chujio la mtu mwingine. Na Twalha alijua Kizungu, alijua Kiswahili, alijua Kimwera na lugha ya miradi. Kireno hakuwa nacho. Alisimama anageuza kichwa, huku na huku, na jasho lilianza kuonekana mgongoni kwenye shati jeupe.

Munira alisema kwa kirefu. Hakupaza sauti. Alionyesha kaburi la mama yake upande wa mikorosho. Alimwonyesha Sikuzani, akajigusa kwapani, mahali gauni lilipopasuka. Hakulia. Alipomaliza alisema sentensi moja fupi na kukunja mikono.

Kijana akamgeukia mkubwa wake, akamweleza kwa Kizungu. Yule mama akamuuliza Twalha swali. Lilikuwa fupi, hata Sikuzani alisikia ufupi wake. Twalha akajibu kwa kirefu. Yule mama akarudia swali lile lile, maneno yale yale. Twalha akajibu tena, safari hii kwa ufupi zaidi. Akauliza mara nyingine. Twalha akamtazama Sikuzani kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Hakuna aliyemsaidia.

Yule mama alimkaribia Sikuzani, akamtazama usoni. Akaingia garini. Lori likageuza, likaangusha ua wa mbaazi wa Munira kwa nyuma, likaondoka na magodoro yake.

"Ulimwambiaje?" Sikuzani akauliza vumbi lilipotulia.

"Nilimwambia kwetu na kwenu anayekufa bila kutukanwa amekufa kama mbwa. Nikamwambia huyu mzee alimkinga mama yangu asife kama mbwa."

"Na mwishoni?"

"Nilimwambia azime ile kamera, si yake."

Watu wanapenda kusikia kwamba ukweli ukishasemwa mambo hunyooka. Hayakunyooka. Wafadhili waliondoka wote kwa pamoja, na walio wema na walio wapumbavu. Ukumbi wa Ruangwa ukafungwa kufuli. Prisca alifungasha akarudi kwao Ndanda. Kituo cha Nachingwea kilibaki nguzo za uzio bila waya, na mbuzi wanapita katikati. Ile barua ya Munira iko mikononi mwa watu asiowajua. Hajaitwa, hajaambiwa abaki. Abdulatifu anasema madhali hakuna aliyeuliza, yeye hajaona mgeni kijijini kwake. Mikorosho ikazaa.

Lakini ghala la Mtua hakuna tena aliyelipelekea dawa. Wanawake wa Mbekenyera walibeba walichokuwa nacho, mahindi na mhogo mkavu, na hakikutosha. Baadhi ya wale watu walivumilia. Wengine waligeuza njia wakarudi kule kule walikokimbia. Sikuzani akiulizwa kama yeye na Munira walifanya vizuri siku ile, husema waulizeni watu wa Mtua, na anakasirika upya, na hasira yenyewe haijui imwangukie nani: Twalha, au yule mama aliyeweza kulia lakini hakuweza kuuliza mpaka dakika ya mwisho, au dunia hii inayotaka mtu avuje damu kwanza ndipo apewe bandeji, na akiwa hana jeraha anatafutiwa.

Msimu wa korosho Twalha alikuja. Alikuja na bodaboda, bila miwani, na kifurushi cha sukari na majani ya chai.

"Mamkubwa, nimekuja kuomba msamaha."

"Mimi ni mama yako. Hata nikitaka kukunyima sijui pa kuanzia. Uliyemkosea siyo mimi. Tangu lini kosa la watani likapelekwa kwa wakubwa? Mtani wako ni yule kule. Nenda kwake."

"Twende wote."

Walimkuta Munira uwanjani na wanawake wengine, wanaanika korosho kwenye turubai. Walikuwa wanataniana kama kawaida yao, kelele zinasikika tangu njiani. Walipomwona Twalha wakaacha.

Alijua njia ya kuingilia, alizaliwa nayo. Akasimama ukingoni mwa uwanja akapaza sauti, na sauti ikamtetemeka: "Hodi, wala panya! Nimesikia huku kuna wageni wanatuibia korosho zetu Wamwera! Nani kawapa ruhusa ya kuota meno?"

Sikuzani alikuwa nyuma yake. Aliona mgongo wa mwanae ukingoja.

Munira akasimama, akapangusa mikono kwenye khanga, akasogea mbele. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

Twalha na Munira ni rika moja.

"Munira," akasema Twalha, "we mkimbizi..."

"Naam, Mkurugenzi. Karibu sana." Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akakiweka kivulini. Akarudi na maji kwenye glasi, juu ya sahani. "Mmesafiri salama? Mjini hawajambo? Poleni na kazi."

"Karibu, baba," wanawake wakasema, mmoja baada ya mwingine, macho chini. "Karibu. Karibu kiti."

Twalha akakaa. Akapokea maji kwa mikono miwili. Akajaribu tena, akasema kitu kuhusu ufupi wa Wamakua, kitu cha zamani ambacho hata watoto wanakijua. Munira akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia bwana afya.

"Ni kweli, Mkurugenzi," akasema.

Pale aliposimama, Sikuzani alimwomba Mungu kimoyomoyo Munira amtupie mwanae tusi moja, dogo, hata la miguu yake au la viatu vyake. Tusi moja lingetosha kumrudisha. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa umejaa matusi, lakini hayakuwa yake kuyatoa. Mmwera hamtanii Mmwera, na mama hamtanii mwanae.

Twalha akainua macho kutoka kwenye glasi, akamtazama.

"Kunywa maji, mwanangu," Sikuzani akamwambia. "Ukimaliza, uage."